Pweza wa Shangani Alikuwa na Zipu

Kwa kuwa mwenzangu wa chumbani ameshatangaza kuanzia hosteli ya wasichana hadi kwa mama ntilie kwamba nilipigana na pweza ufukweni Shangani, ngoja niseme mwenyewe. Sikupigana na pweza. Ingekuwa afadhali.

Jumamosi usiku kulikuwa na kigodoro, ngoma ya kukesha, mtaani, mwezi mpevu, hata taa hazikuhitajika. Jumapili ilikuwa ya kusoma. Ndivyo ilivyosema ile ratiba ya mwaka wa kwanza niliyoipaka rangi na kuibandika ukutani. Tukapatanisha mambo: tukasomee ufukweni. Begini mlikuwa na kazi ya kundi, kurasa 14, imechapwa, imepigwa pini, imesainiwa na watu saba, ya kukusanywa Jumatatu saa mbili. Alama 10 kati ya zile 40 tunazoingia nazo kwenye mtihani wa mwisho. Testi ya kwanza tusiizungumzie.

Saa nne hivi maji yamepwa, miamba yote iko nje, akina mama wanachokoa pweza kule mbali. Tukakaa juu ya jiwe moja zuri, tukafungua madesa, tukafunga madesa. Begi nikaliacha jiweni lisiingie mchanga, tukaenda kutafuta mihogo ya kuchoma. Wiki iliyotangulia tulikaa jiwe hilohilo mchana kutwa, maji yakazidi kurudi nyuma. Wenyeji mmeshaelewa: yale yalikuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tena yanatoka. Hii ilikuwa bamvua. Mwezi ukiwa mzima usiku, kesho yake maji hupwa mbali asubuhi na kujaa sana jioni, na hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta. Ya tatu na ya nne yanakuja mbio. Mtoto wa Singida ningejulia wapi? Maji ya Ziwa Singidani kwetu ukiyaacha mahali asubuhi, jioni unayakuta palepale.

Nikapitiwa na usingizi chini ya mti. Kuamka, jiwe limebaki kisogo tu na begi linaelea pembeni.

Nikaingia. Magotini. Mapajani. Kiunoni. (Kuogelea sijui, msiulize.) Nikalidaka begi, nikageuka, na hapo kitu kikanishika kifundo cha mguu. Laini. Kirefu. Nikivuta begi, nacho kinavuta. Nikavuta kwa nguvu, kikavuta kwa nguvu. Nikapiga ukelele, na hapa mwenzangu hajaongeza chumvi: "Pwezaaa! Mama yangu, pweza!" Nikaenda chali, nikanywa bahari, nikainuka, kikaniangusha tena.

Mama mmoja aliyekuwa anarudi na ndoo yake akaja mbio. Nikasema Mungu mkubwa, naokolewa. Wapi! Chuma mkononi, macho majini, wala hanitazami usoni.

"Yuko wapi, mwanangu? Mkubwa?"

Nikamwonyesha mguu. Akachoma mara moja tu, kifundi, karibu kabisa na kidole gumba changu. Nikafumba macho. Akanyanyua chuma taratibu: kwanza mkanda, kisha zipu, kisha begi zima, limetobolewa mbele hadi nyuma, linachuruzika.

"Mwanangu, hili ni begi."

Akapekua pekua maji kidogo, pengine pweza yupo kweli. Kisha akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, "Simama basi, maji yenyewe ya kiuno." Nilikuwa bado nimepiga magoti. Ufukweni wamejipanga wote, akiwemo yule dada ambaye kwa ajili yake nilivaa shati jeupe. Ndiyo, huyohuyo mnayemdhania.

Mengine mafupi. Jumapili steshenari zimefungwa, tukaanika kurasa kitandani, feni namba ya mwisho. Maandishi ya mashine yalivumilia, saini za kalamu zikayeyuka zote, nikazunguka hosteli usiku kuomba upya. Asubuhi mwalimu akainua kazi yetu, akanichungulia kupitia lile tundu, akauliza nani atawasilisha.

Watu sita wakaninyooshea kidole.