Rudisheni Themostati Kwenye Benzi Zetu

Kuna tangazo linazunguka hapa Nakuru tangu juzi. Mercedes-Benz 300E, ya kizazi kinachoitwa W124, gia otomatiki, viti vya ngozi, na katikati ya sifa zake muuzaji ameandika: "Themostati imetolewa, haichemshi." Hicho ni kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, na ameitaja kutolewa kwake kama jambo la kujivunia. Wanaouliza bei hawajashtuka. Wengi wanataka tu kujua kama injini ya Toyota itaingia.

Hili limeniudhi, na sioni sababu ya kuficha. W124 zilizobaki barabarani kati ya Nakuru na Busia haziuawi na umri wala na ukosefu wa spea. Zinauawa na joto, na joto hilo tunalitengeneza wenyewe gereji, kwa mikono yetu, tukiamini tunaliokoa gari.

Tukumbuke tunazungumzia gari gani. W124 ilitoka mwaka 1984, na sedani ya mwisho iliundwa 1995. 300E ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, injini ya M103 yenye ukubwa wa cc 2,962, nguvu za farasi 180 hadi 190 kutegemea kama ina kichujio cha moshi. Nyuma kila gurudumu linashikiliwa na mikono mitano ya chuma, ndiyo maana gari hili likikata kona za Londiani kwa kasi linatulia kuliko magari mengi yaliyozaliwa miaka ishirini baadaye. Ndugu yake mkubwa, 500E wa V8, aliundwa kwa ushirikiano na Porsche huko Zuffenhausen. Waliolibuni gari hili hawakuweka kifaa hata kimoja cha kupamba mle ndani. Themostati ina kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Themostati ya M103 huanza kufunguka kwenye nyuzi 87 za Selsiasi. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, kupitia njia ya mkato isiyofika kwenye radiata, ili injini ipate moto haraka. Ikifunguka, kisahani chake cha pili kinaanza kuiziba ile njia ya mkato, maji yanalazimika kupita kwenye radiata. Visahani viwili: kimoja kinafungua, kingine kinafunga. Sasa mtoe huyo mlinzi. Njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yanayochemka inatoka kwenye silinda hedi na kurudi moja kwa moja kwenye pampu bila kuonja radiata. Ukiwa unaenda polepole mjini huenda usione tofauti. Panda Sachangwan saa nane mchana ukiwa na abiria wanne, nyuma ya lori la mafuta, halafu uangalie sindano. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linachemsha kwa sababu halina themostati.

Na ukirudi chini, linaharibika kwa upande mwingine. Mfumo wa mafuta wa KE-Jetronic unasoma joto la maji kupitia sensa yake. Maji yakiwa baridi, mfumo huo unaongeza petroli. Teremka kutoka Mau Summit hadi Salgaa alfajiri bila themostati, injini haifiki nyuzi 80, kompyuta inaendelea kumimina petroli ya kuamshia injini kana kwamba ndiyo kwanza umewasha. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini. Baadaye mwenye gari analalamika kwamba Benzi inakunywa mafuta na ringi za pistoni zimeisha. Ringi hazikujiisha.

Mafundi wengi wanajitetea kwamba waliipima kwenye sufuria wakaiona imekufa. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hii ni sayansi ya mahali tunapoishi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Themostati inayoanza kufunguka kwenye 87 huhitaji nyuzi kama 15 zaidi ili ifunguke yote. Kwa hiyo sufuria ya Nakuru haiwezi kuifungua yote, hata iwe mpya kutoka kwenye boksi. Itafunguka nusu na kuishia hapo. Fundi anaona nusu, anasema imekwama, anaitupa. Pima kwa kipimajoto: ikianza kuachia kati ya 85 na 89, na ikajifunga vizuri maji yakipoa, ni nzima, irudishe. Unapoirudisha, kijitundu cha kutolea hewa kielekee juu, na ringi yake ya mpira iwe mpya.

Mwinuko huohuo ndio unaofanya kifuniko cha tangi la maji kiwe kifaa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kifuniko kizima cha gari hili kinashikilia shinikizo la baa 1.4. Chini ya shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 120, hata ukiwa juu milimani. Kifuniko kilichochoka hakishikilii kitu. Stesheni ya Timboroa iko karibu mita 2,740, na huko maji yasiyo na shinikizo yanachemka kwenye nyuzi 91. Injini hii, ikiwa na afya kamili, inafanya kazi kati ya 85 na 95. Maana yake ni kwamba kwenye barabara ya Eldoret injini isiyo na ugonjwa wowote inaweza kuchemsha kwa sababu ya mpira mdogo uliokauka ndani ya kifuniko. Mwenye gari anaambiwa gasketi imeungua. Hedi inafunguliwa, inapelekwa kuchongwa, inarudishwa kwa bolti zilezile zilizokwisha kuvutika, zimekazwa kwa kukisia. Bolti za hedi hii hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, hatua ya kwanza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kisha unazungusha pembe ya nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, na zikishapita urefu wake hazirudi kazini. Baada ya miezi michache gari linavuja kweli, na sasa ugonjwa ni halisi.

Halafu maji. "Mzee, antifrizi ni ya watu wa theluji." Kauli hii utaisikia Nakuru, utaisikia Kisumu, utaisikia Bungoma, na kila inaporudiwa kuna hedi ya alumini inayoliwa mahali fulani. Bloku ya M103 ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini. Ukizichovya metali hizo mbili kwenye maji matupu, alumini ndiyo inayolika, na inaanzia kwenye vitundu vya maji kando ya gasketi. Kulanti, ndiyo hiyo antifrizi, ina dawa za kuzuia ulikaji huo, pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Maji ya visima vya Nakuru yana chumvi na floraidi nyingi, kila mtu hapa anajua kwa kuangalia meno yetu. Usiyatie kwenye injini. Tumia maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi, changanya nusu kwa nusu na kulanti. Mfumo mzima unachukua lita 8 na nusu hivi, kwa hiyo lita 4 na robo za kulanti zinakutosha kwa miaka mitatu. Linganisha gharama hiyo na hedi.

Kama gari limekunywa maji ya mfereji kwa miaka, lisafishe kwanza. Mwaga maji ya zamani kwenye radiata na pia kwenye nati ya ubavuni mwa bloku. Wengi wanaisahau hii ya pili na kuacha uchafu mzito ukiwa umekaa palepale. Jaza maji safi yaliyoyeyushwa asidi ya sitriki, kama kilo moja hivi kwa mfumo mzima. Ile ya unga mweupe, si maji ya ndimu. Fungua hita hadi mwisho. Acha injini ifike nyuzi 80, iendelee kunguruma dakika kumi, zima, subiri ipoe, mwaga. Itatoka rangi ya chai ya mkandaa. Suuza mpaka maji yatoke meupe, mara tatu au nne, kwa sababu asidi iliyobaki nayo italila gari. Ndipo ujaze kulanti polepole, hita ikiwa wazi, ili hewa itoke. Kama kulikuwa na oili ndani ya maji, tanguliza sabuni isiyo na povu jingi. Asidi haikati oili. Angalizo moja: mfumo uliozibwa na kutu unaweza kuanza kuvuja ukisafishwa. Tundu lilikuwepo tayari, kutu ilikuwa imelifunika.

Kisumu ina vita vyake. Iko mita 1,130 hivi, kwa hiyo mwinuko si tatizo, lakini joto la mchana na foleni ya Kondele vinaitegemea feni. Klachi ya feni ya gari hili ina mafuta mazito ndani. Zima injini ikiwa moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi zaidi ya mzunguko mmoja, klachi imekwisha. Feni mbili za umeme mbele ya radiata zinapaswa kuanza kwa mwendo wa chini AC inapofanya kazi kwenye joto. Zikikaa kimya, kagua fyuzi na ule ukinzani wa mwendo wa chini kabla ya kununua mota. Angalia pia shingo ya plastiki pale bomba la juu linapoingia kwenye radiata. Plastiki hiyo ikizeeka inakatika ghafla, gari likiwa mwendoni, na maji yote yanamwagika kwa dakika moja. Ikiwa imeanza kuwa na nyufa ndogondogo, badilisha radiata sasa, usingoje uwe juu ya Kericho.

Kuhusu injini ya Toyota nitasema kwa kifupi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba injini ya ex-Japan ni rahisi kupata na fundi wa mtaa anaifahamu. Lakini kubadilisha injini kunahitaji idhini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaguzi, na logibuku mpya yenye namba ya injini hiyo. Wengi hawafanyi, na siku ya ajali bima inapata sababu ya kukataa kulipa. Mikono ya mbele, breki, kipimo cha kasi na mpangilio wa gia vilikokotolewa kwa injini iliyotoka. Na kanuni ya kutoagiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane inafunga njia ya kuagiza W124 nyingine. Kila W124 inayokatwakatwa Kenya haitazamiwi kurudi.

Mengine ya kujua, bila kuzunguka. Taa ya ABS, ya breki zisizofunga magurudumu, ikiwaka huku injini ikipanda na kushuka kwenye mngurumo wa chini, anza na relei ya kuzuia umeme kupita kiasi, ile yenye fyuzi kichwani, nyuma ya betri. Mara nyingi ni risasi ya kulehemu ndani yake iliyopasuka, na anayejua kulehemu vifaa vya redio anaweza kuiponya. Shinikizo la petroli la KE-Jetronic ni baa 5.4 hivi, bila geji ya kupimia, yeyote anayegusa kigawa mafuta anabahatisha. Oili ya gia ni ATF ya Dexron III, na toki konvata, kiungo cha oili kati ya injini na gia, ina nati yake ya kumwagia: zungusha injini kwa mkono mpaka uione, vinginevyo unabadilisha nusu tu. Bol jointi za mbele usizicheleweshe hata wiki. Na ukiuziwa E220, E280 au E320 ya 1993 hadi 1995, funua nyaya za injini kwanza. Ngozi za nyaya za miaka hiyo zinapukutika kwa joto kama mkate mkavu, na nyaya tupu zikigusana zinaunguza kompyuta.

Bima ni maumivu mengine. Kampuni nyingi hazitaki kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, hata liwe limetunzwa kuliko la mwaka jana. Unabaki na ya mtu wa tatu. Hilo sioni dawa yake leo.

Kwa anayelitaka gari la tangazo lile, au lolote linalofanana nalo: fika asubuhi kabla halijawashwa, na umwambie muuzaji mapema kwamba utalikuta baridi. Gusa boneti. Fungua tangi la maji, chovya kidole. Ukitoa ute wa rangi ya kahawa yenye maziwa, ondoka. Ukikuta maji ya kutu, hesabu gharama ya kusafisha na ushushe bei. Washa, liendeshe, angalia saa: injini yenye themostati inafika nyuzi 80 ndani ya dakika chache za kuendeshwa na sindano inatulia baada ya hapo. Sindano ikiganda kwenye 60 barabarani, imetolewa. Kisha lipeleke kwa fundi mwenye pampu ya kupima shinikizo la maji, alijaze mpaka baa 1.4 injini ikiwa imezimwa, na mngoje dakika kumi. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na muuzaji atalazimika kuzungumza bei upya mkiwa mmesimama wote mbele ya hiyo geji.