Mwache Mtoto Akukosoe

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wazazi wengi tunaiamini methali hii kuliko tunavyokiri. Mtoto akirudi nyumbani akasema mwenzake anaonewa shuleni, jibu linalotutoka kwanza ni: "Wewe usijiingize."

Nawaelewa wanaosema hivyo. Desemba 21, 2015, al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, karibu na El Wak, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila aliyekuwemo alijua maana ya amri ile. Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo, watu 28 walitolewa kwenye basi wakauawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Safari hii Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kwake kilio kilikwenda kweli.

Zile hijabu ndizo zinazonishughulisha zaidi. Hapakuwa na muda wa kushauriana wala kiongozi wa kusema fanyeni hivi. Mtu hawezi kujifunza jambo kama hilo mbele ya bunduki. Lazima awe amekuja nalo.

Sasa tazama tunavyolea. Mtoto akimwambia mama, "Umemkaripia dada bure, si yeye aliyevunja sahani," anaitwa mjeuri na kufukuzwa sebuleni. Akienda shule ya bweni akaona mono, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, anafulishwa nguo za wakubwa usiku, atafanya nini? Atajifunika blanketi, kama tulivyomfundisha. Halafu akifika miaka thelathini tunashangaa mbona anaona rushwa ofisini na kunyamaza. Upole wa namna hiyo hauna faida kwa yeyote, isipokuwa mwonevu.

Sisemi watoto waachwe watukane wakubwa (wangu wana midomo ya kutosha tayari). Wala simtaki mtoto wa miaka minane apigane na majitu. Kumwita mwalimu, au kwenda tu kuketi karibu na anayechekwa, kunatosha kwa umri wake.

Kwangu tuna ruhusa moja: mtoto anaweza kuwakatiza watu wazima ikiwa anamtetea mtu. Wageni wengine hawaipendi kabisa. Shangazi yao amenionya kwamba wakibalehe nitajuta, na jinsi ninavyomfahamu kifungua mimba wangu, huenda hajakosea.