Karatasi ya Kasuku

Leo asubuhi, nikiwa nimevaa shati jeupe nililowahi kulipiga pasi kabla umeme haujaamua kwenda zake, mama watoto alinifahamisha, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba tundu la ndege linanuka na kwamba wageni wanafika saa kumi. Ieleweke kwamba ndege huyo si wangu. Ni kasuku mdogo wa kijani, wa jamii ile yenye asili ya Australia, ambaye binti yangu alimlilia wiki tatu huku akiapa kwamba atamhudumia mwenyewe, na kiapo hicho kilidumu hadi Jumapili iliyofuata.

Kiumbe huyu hafikishi gramu 50, lakini hujisaidia kana kwamba analipwa kwa kila tone. Hupaka kijiti anachokalia, hupaka nyaya, hupaka hata ufupa wa dome, yule ndugu wa ngisi, niliomwokotea ufukweni Kigamboni ili anolee mdomo. Ulezi naye humenya punje moja moja na kuyaacha makapi juu ya kikombe, hivyo asiyejua huona chakula kimejaa, kumbe ndege analala njaa. Inabidi yapulizwe. Nilipuliza, yakahamia kwenye chai yangu. Kinyesi kikavu nacho hakikwanguliwi ovyo, kwa kuwa vumbi lake linaweza kumletea mtu homa ya mapafu. Lazima kwanza kiloweshwe, na maji ya kulowesha ni yale yale niliyoyakinga saa nane za usiku kwa ajili ya kuoga.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni karatasi. Chini ya tundu hutandikwa gazeti, ambalo hubadilishwa kila siku ili mfugaji akague choo cha ndege wake, kwani kikibadilika rangi au kikizidi majimaji ni dalili ya ugonjwa. Lakini mtaa mzima siku hizi husoma habari kwenye simu, na mwenye magazeti amebaki mmoja tu, mama wa maandazi pale kona.

"Karatasi siuzi, shemeji," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai. "Nauza maandazi. Karatasi huja na maandazi."

Niliagiza maandazi 12. Akaanza kuyafunga. Nilimsihi asiyafunge, kwa sababu karatasi yenye mafuta itamchafua ndege manyoya.

"Kwa hiyo karatasi ya kufungia watu chakula haimfai ndege?"

"Si hivyo, dada. Naomba maandazi yaje bila karatasi, na karatasi ije bila maandazi."

Foleni ilicheka. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama ndege huyo ana kazi serikalini. Mama wa maandazi alinitazama kwa huruma, akanihesabia kurasa sita safi, kisha akanimiminia maandazi 12 ya moto mikononi. Mikono haikutosha. Mawili niliyatia mfukoni mwa shati, lile jeupe, na hivyo ndivyo nilivyopita mbele ya mwenye nyumba ambaye nilikuwa nikimkwepa tangu mwezi uanze.

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti kutandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na hadithi ya kusisimua: mke anasikia hodi usiku wa manane, anashika kitasa, na nyuma ya mlango anasikia sauti ya mumewe waliyemzika juzi. Itaendelea Jumanne. Jumanne ipi, ndugu zangu, wakati gazeti lenyewe ni la Ramadhani ya mwaka juzi? Nilipekua kurasa zote sita, nikaambulia michezo na matangazo ya viwanja. Kasuku, ambaye nilikuwa nimemsahau juu ya pazia, alijisaidia palepale kwenye kitasa.

Nimerudi kona. Mama wa maandazi anakumbuka kwamba gazeti lenye picha ya mlango aliwafungia vijana wa bodaboda alfajiri, kwa hiyo sasa nawasubiri hapa kijiweni warudi na abiria. Saa kumi kasorobo.