Hofu ya mshtakiwa ipimwe kwa mizani ya nani?

Katika kesi nyingi za shambulio, ngumi yenyewe haina ubishi. Ilirushwa, daktari ameandika jeraha, mashahidi wameona. Kinachobaki ni kile kisichoonwa na shahidi yeyote: mshtakiwa aliamini nini sekunde ile kabla hajanyanyua mkono? Mimi ni wakili wa utetezi, na kwa miaka yote swali ambalo sijalimaliza ni hili: anayedai alijihami, ahukumiwe kwa hofu aliyokuwa nayo kweli, au kwa hofu ambayo mtu mwenye busara angekuwa nayo mahali pake?

Sheria ya Uingereza ilijibu mwaka 1983, katika kesi ya Williams. Mwanamume mmoja alimwona kijana akimpora mwanamke mkoba. Akamkamata, kijana akamponyoka, akamkamata tena na kumwangusha, akamkunja mkono mgongoni huku kijana akipiga kelele za kuomba msaada. Williams alikuwa kwenye basi. Uporaji hakuuona, alichoona ni mtu mzima anamtesa kijana. Akashuka kwenda kuuliza. Yule bwana akamwambia kuwa yeye ni polisi na anamkamata mwizi. Williams akataka kuona kitambulisho, hakikuwapo, kwa sababu yule hakuwa polisi. Wakavutana, Williams akampiga ngumi ya uso.

Alitiwa hatiani kwa shambulio la kudhuru mwili, na Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia hiyo. Majaji walisema mtu apimwe kwa mambo kama alivyoyaona yeye. Kama aliamini kwa dhati kwamba kijana anashambuliwa, hukumu imtazame kana kwamba imani hiyo ni kweli, hata kama kukosea kwake hakukuwa kwa busara. Uzito wa sababu zake utasaidia kuamua kama kweli aliamini, basi. Mwaka 1987 Baraza la Kifalme mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa Jamaika, likisikiliza rufani ya Beckford kutoka huko, lilikubali msimamo huohuo.

Naielewa mantiki hii na nimeitumia mara nyingi. Kosa la shambulio linadai dhamira ya kutumia nguvu isiyo halali. Anayeamini anamwokoa mtu hana dhamira hiyo. Tukimfunga kwa sababu tu hakufikiri vizuri, tunamfunga kwa uzembe huku tukimwandikia hatia ya makusudi. Halafu kuna mzigo wa kuthibitisha: si mshtakiwa anayetakiwa kuthibitisha kwamba alijihami, ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuondoa shaka kwamba huenda alijihami. Ukimtaka mtu aliyekuwa gizani, moyo ukimwenda mbio, aeleze kwa nini hofu yake ilikuwa ya busara, umeshamhamishia mzigo huo kimyakimya.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, hata baadhi ya wanasheria vijana. Imani kwamba kuna hatari hupimwa kwa macho ya mshtakiwa. Kiasi cha nguvu aliyotumia hupimwa na mahakama. Unaweza kuamini kwa dhati kwamba umesukumwa makusudi, lakini imani hiyo haikupi ruhusa ya kujibu kwa kisu. Ni kweli kwamba katika kesi ya Palmer ya mwaka 1970 ilikubaliwa kuwa mtu anayeshambuliwa hawezi kukaa na kupima nguvu zake kwa gramu, lakini mwenye kupima anabaki kuwa mahakama. Na mlevi hapewi nafuu yoyote: tangu kesi ya O'Grady ya 1987, kosa la kuona hatari isiyokuwapo kwa sababu ya pombe uliyojinywea halikutetei.

Upande wa pili unaniuma zaidi. Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi New York, Bernhard Goetz, Mzungu, aliwapiga risasi vijana wanne weusi baada ya mmoja wao kumtaka awape dola 5. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ilikataa kwamba hofu yake pekee inatosha. Lazima iwe hofu yenye msingi wa busara. Hata hivyo, mwaka 1987 jopo la raia lilimwachia katika mashtaka ya kujaribu kuua na ya shambulio, likamtia hatiani kwa kumiliki silaha bila kibali. Mmoja wa wale vijana alipooza.

Nikiisoma kesi hiyo naona hatari ya kanuni ninayoitetea. Hofu haizaliwi peke yake, mtu hufundishwa amwogope nani. Tukisema hofu ya kweli inatosha, basi mwenye chuki ya dhati kabisa anakuwa na kinga kubwa kuliko mwenye moyo safi, na watu wa rangi fulani au sura fulani wanaishi kwa huruma ya hofu za wengine.

Lakini "mtu mwenye busara" naye ana historia yake. Kwa muda mrefu alifikiriwa kama mwanamume anayepigana na mwenzake wa nguvu sawa. Katika kesi ya Lavallee ya mwaka 1990, Mahakama ya Juu ya Kanada ililazimika kueleza kwamba mwanamke aliyepigwa miaka mingi anaweza kuisoma hatari mahali ambapo mgeni haoni kitu. Kipimo cha busara kingemwangusha, kama majaji wasingekubali kusikia utaalamu juu ya maisha ya namna hiyo.

Kwa hiyo ninaegemea wapi? Kwenye imani ya dhati, kwa sharti moja ambalo sheria ya Ujerumani inalo na mfumo wa Uingereza hauna. Kule, anayemjeruhi mtu kwa kudhani kimakosa kwamba anashambuliwa haadhibiwi kwa kosa la makusudi, lakini kama alikosea kwa uzembe anaweza kushtakiwa kwa kujeruhi kwa uzembe, kosa dogo zaidi. Jina la kosa linalingana na kilichokuwa moyoni mwake, na aliyeumizwa hatoki mahakamani akiambiwa hakuna aliyemkosea. Wenzangu wa utetezi watasema nawapa waendesha mashtaka mlango wa nyuma, na hoja yao ina uzito, kwa sababu kosa dogo huwapa waamuzi wenye shaka mahali rahisi pa kukimbilia badala ya kumwachia mtu huru.

Ila namfikiria yule bwana aliyemkamata mporaji. Alidanganya kuhusu upolisi, ni kweli, lakini mengine yote aliyafanya kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, akapigwa usoni. Ningependa Williams aulizwe swali moja zaidi: kati ya kukosa kuonyeshwa kitambulisho na kurusha ngumi, hapakuwa na nafasi ya kumuuliza hata mtu mmoja kilichotokea?