Waliokifuata Kidole Kilichotia Saini

Mwaka 2012 kampuni ya CCA, inayoendesha magereza kwa faida na ambayo leo inajiita CoreCivic, iliyaandikia barua majimbo 48 ya Marekani ikitaka kununua magereza yao. Masharti yake: mkataba wa miaka 20, na jimbo lihakikishe vitanda vimejaa kwa asilimia 90 au zaidi. Sharti hilo la pili linanitia hasira kila nikilikumbuka. Uhalifu ukipungua au sheria ikilegezwa, mwenye gereza anahesabu hasara. Serikali inayokubali hivyo imejifunga kutafuta wafungwa.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wananchi wa kawaida waliojikusanya kuyapinga magereza haya ya kampuni binafsi. Waliona mapema kwamba kubishana na kampuni ni kupoteza muda, kwani hakuna aliyeipigia kura. Aliyetia saini ndiye mwenye kura za kutafuta, au jina la kulinda, na huyo anafikika.

Tazama Taylor, mji mdogo wa Texas. Mwaka 2006 gereza la T. Don Hutto lililoko huko, mali ya CCA, lilianza kufungia familia za wahamiaji, watoto wadogo pamoja na wazazi wao. Wakazi na wanaharakati, wakiwemo wa shirika la Grassroots Leadership, walikesha nje ya uzio, wakaondoka, wakarudi tena. Mwaka 2007 mawakili wakafungua kesi. Mwaka 2009 serikali ikaacha kuweka familia pale, wakabaki wanawake peke yao. Wengi wangeshangilia na kwenda nyumbani. Hawa walihamia kwenye vikao vya makamishna wa kaunti ya Williamson, kwa sababu mkataba ulipitia mikononi mwao, na mwaka 2018 makamishna hao, wengi wao Warepublican, wakapiga kura kujitoa.

Florida walifaulu upesi zaidi. Mwaka 2013 GEO Group, kampuni nyingine ya magereza, iliahidi dola milioni 6 ili uwanja wa mpira wa Florida Atlantic University uitwe kwa jina lake. Wanafunzi walipinga kwa nguvu, na miezi miwili haikutimia kabla kampuni haijajiondoa. Mwaka 2019 benki za JPMorgan Chase na Bank of America nazo zikatangaza kuacha kuzikopesha kampuni hizi.

Wapo wanaouliza: kelele zote hizi za nini, ilhali magereza ya kampuni yana takriban asilimia 8 tu ya wafungwa wa Marekani? Ni kweli kwamba magereza ya serikali yana dhuluma zake, tena nyingi. Lakini wahamiaji walioko kizuizini wengi mno wako mikononi mwa kampuni, na amri ya Rais Biden ya Januari 2021, iliyoitaka Wizara ya Sheria isihuishe mikataba na magereza ya kampuni, haikuwagusa. Hata hiyo ilifutwa na Trump Januari 2025.

Na Hutto? Kaunti ilipojitoa, serikali kuu iliingia mkataba na kampuni moja kwa moja, jengo likaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo naona sasa nguvu ielekezwe kwenye sheria za majimbo, kama ile ya Illinois ya mwaka 1990 iliyopiga marufuku magereza haya. Na pale ambapo sheria bado haijapatikana, vikundi vidai kila mkataba uwekwe hadharani kabla ya kura, ukurasa wa asilimia ya vitanda ukiwa wa kwanza kusomwa.