Kipimo kusoma chanya sio kwamba unaumwa TB

Nimesoma makala moja kuhusu vipimo vya TB (kifua kikuu), mwandishi kaeleza vizuri jinsi kinga ya mwili inavyozitambua protini za bakteria wa TB na kwamba ndo maana kuna kipimo cha damu, ila kaacha kitu kikubwa hapo, ukisoma chanya haimaanishi unaumwa. Mimi nilichomwa ile sindano ya ngozi ya kupima TB mkononi, baada ya siku mbili pakavimba pakawa pagumu kama kifungo cha shati, nesi akapima na rula akasema tu "unayo", jamani sikulala. Kumbe kile wanachochoma ni mchanganyiko wa protini kibao na nyingine zipo hata kwenye BCG, chanjo ya TB tuliyopigwa utotoni, kwa hiyo inawezekana chembe za kinga zilikuwa zinakumbuka chanjo tu. Cha damu afadhali, kinatumia ESAT-6 na CFP-10, protini ambazo BCG haina kabisa, zinawekwa pamoja na damu yako halafu wanaangalia kama chembe T (chembe za kinga kwenye damu) zimetoa interferoni gama, yaani kemikali zinayoitoa zikizitambua protini hizo. Lakini hata hicho hakitenganishi TB iliyolala (bakteria wamo mwilini ila huumwi) na ile inayokuumiza, hapo lazima makohozi na eksirei. Na mwenye kinga iliyoshuka, mfano anayeishi na VVU, anaweza kuwa na TB kabisa na kipimo kikasoma hasi maana chembe zenyewe hazina nguvu ya kujibu, hili mbona hawalisemi?? Mimi makohozi yalikuwa safi, eksirei safi, nikapewa vidonge vya kuzuia tu.