Ploti ya 50 kwa 100 Najjera: barabara ilipwe na nani?

Tangu Northern Bypass, barabara ya mchepuko kaskazini mwa Kampala, Uganda, ifunguliwe mwaka 2009, Najjera imejaa kuta na mageti kwa kasi kuliko ilivyojaa barabara. Mtaa huu uko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, ingawa wakazi wake wengi hushinda kazini Kampala. Mashamba ya migomba yamekatwa karibu yote kwa kipimo kimoja: futi 50 kwa 100. Wataalamu wa mipango miji wanakilaumu kipimo hicho kwa vichochoro, mafuriko na foleni. Wenye nyumba nao wanajibu kwamba bila hicho wangekuwa bado wanalipa kodi ya pango Ntinda, jijini Kampala.

Tuanze na hesabu, maana lawama nyingi hapa zinaelekezwa pabaya. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, yaani desimali 100. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, kama desimali 11.5. Muuzaji hupata ploti nane na kubakiwa na futi za mraba 3,560, ambazo dalali huziita barabara. Lakini ekari ikiwa mraba, kila upande una futi 208.7. Panga ploti nne huku na nne kule zikitazamana: kina cha pande mbili kinakula futi 200, na katikati inabaki njia ya futi 8.7, yaani mita 2.65. Lori la kunyonya maji taka lina upana wa karibu mita 2.5. Kuta zikishasimama pande zote na nguzo ya umeme ikachomekwa pembeni, lori haliingii. Nyumba nyingi za huku zinategemea tangi na shimo la kufyonzea maji, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Miteremkoni karibu na kinamasi hali ni mbaya zaidi, kwani msimu wa mvua maji ya ardhini hupanda na shimo halifyonzi tena.

Kuna pia maji ya paa. Ploti hiyo ina mita za mraba 464. Ikifunikwa yote kwa mabati na sakafu ya saruji, mvua ya milimita 50 inamwaga lita 23,000 hivi, na kila mwenye geti anazielekeza njiani. Njia ya marumu (udongo wa changarawe) isiyo na mtaro inageuka mfereji. Kisha majirani wanachangishana kununua malori ya marumu, na mvua inayofuata inayapeleka bondeni.

Hata hivyo, anayesema watu wangejengewa maghorofa badala ya kugawiwa ploti ajibu swali la pesa. Sheria ya kumiliki nyumba ndani ya jengo la pamoja ipo tangu 2001. Lakini riba ya mkopo wa shilingi benki mara nyingi inavuka asilimia 15, na mwalimu au mwenye duka Kikuubo, eneo la biashara Kampala, hawezi kununua ghorofa kwa vipande. Ploti anaiweza: mwaka huu anapiga msingi, mwaka kesho anapandisha kuta, hela ikipatikana anaezeka na kuhamia kabla ya kupiga lipu. Nyuma anaongeza vyumba viwili vya kupangisha vinavyolipa karo. Hoja hii ina uzito, na mipango mingi ya miji huiruka kana kwamba kila mtu ana mshahara wa kukopea.

Basi kwa nini manispaa isipanue njia baadaye? Sehemu kubwa ya ardhi hapa ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Ni mali ya mtu, na Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka fidia ilipwe kabla serikali haijaichukua. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu Kabisa ilikazia hilo katika kesi dhidi ya mamlaka ya barabara. Ni ulinzi mzuri kwa mwananchi. Ila maana yake ni kwamba futi 10 ambazo muuzaji angeziacha bure siku ya kupima, baada ya ukuta kujengwa zinadai fidia ya ardhi na ya ukuta wenyewe.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na udogo wa ploti. Ni na ile mia. Ekari ileile ikikatwa 50 kwa 90, wanunuzi ni walewale wanane, kila mmoja na desimali 10.3, na njia ya katikati inakuwa futi 28.7, karibu mita 8.7: magari mawili yanapishana na mtaro unapata nafasi. Kinachozuia ni soko. Mnunuzi amezoea kusikia “hamsini kwa mia”, na dalali akitaja tisini anaonekana anaiba. Cha ajabu, mnunuzi huyohuyo mara nyingi huuziwa desimali 10 kwa jina la 50 kwa 100 bila kugundua. Ploti kamili husomeka kama hekta 0.046 kwenye kyapa, yaani hati ya ardhi. Desimali 10 ni hekta 0.040 tu.

Hata hivyo tisini haitoshi peke yake. Ekari ya jirani ina mwenye wake na saveya wake, na barabara zao zikikosa kukutana kwa mita tano tu, zote mbili zinakuwa njia zisizotokea popote. Hapo ndipo wapangaji wa miji wana haki. Sheria ya Mipango ya 2010 ilifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo kamati ya mipango ya Kira ina nguvu ya kukataa mgawanyo usiounganisha njia. Shida ni kwamba mara nyingi ramani inafika mezani wakati ploti zimeshauzwa na matofali yameshamwagwa.

Mnunuzi naye asingoje kamati. Kabla ya kulipa, apime njia kwa futi ya mkononi kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe, si kutoka ua hadi ua. Adai njia ionekane kwenye ramani ya upimaji pamoja na upana wake, na itajwe katika mkataba wa mauziano. Njia ya maneno hubaki ndani ya hati ya muuzaji, na siku warithi wake wakija na saveya wao, wanaweza kuiuza kama ploti ya tisa.